Nilichomfanyia Bibi Naelijwa

Jumapili, saa kumi na moja jioni. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi. Nikiangalia dirishani siioni hata migomba iliyo hatua chache kutoka hapa nilipokaa. Nimevaa sweta mbili na bado nasikia baridi, na najua si ya ukungu peke yake.

Ninaogopa.

Mnaopita kwenye ukurasa huu mmezoea niandike habari za mboga zangu na za binti yangu aliye kidato cha tatu. Leo sina habari hizo. Majina nimeyabadilisha, na nyumba ninayofanyia kazi siitaji. Iko huku juu milimani, wilaya ya Same, na inalea wazee wenye ugonjwa wa kusahau. Wazee wako kumi na wanne. Wahudumu tunakuwa watatu kwa zamu, siku nyingine wawili.

Mimi si mtu wa huku juu. Nilizaliwa tambarare, kijiji cha Bendera. Baba alitoka Kigoma kufuata kazi ya kukata mkonge, akaoa, akabaki. Nyumbani kwetu ilikuwa Kiswahili, na Kiha kidogo baba na mama wakiwa wanagombana. Kipare sikijui. Nina miaka miwili hapa na ninachojua ni kusalimia na kuaga. Nilitaka kuandika kwamba hilo ndilo lililoniponza. Nimelifuta mara mbili. Sikuponzwa na lugha.

Nianze na Bibi Naelijwa.

Aliletwa mwezi wa nne na binti yake, Dada Niwaeli, mtoto wake wa pekee, anayefanya kazi Dodoma. Bibi ni mrefu, mwembamba, vidole vyake vimekakamaa kwa kulima tangawizi miaka mingi. Kiswahili alikuwa nacho zamani, binti yake anasema alikuwa anaongea vizuri tu, ila kilimtoka kidogokidogo kama majina ya watu. Amebaki na Kipare alichozaliwa nacho. Ukimwambia shikamoo anajibu marahaba, kwa sauti nzito, iliyokamilika, mpaka mgeni anadhani haumwi. Baada ya hapo ni Kipare tupu, kutwa nzima.

Na sisi wa zamu hatukielewi. Matroni ametoka Singida. Neema, mwenzangu, katokea Tanga. Mwingine ni wa Mbeya. Mwenyeji ni Mama Penda peke yake, anayefua, na kazi yake iko nyuma kwenye makaro ya kufulia na kamba za nguo. Ndani anaingia kuleta mashuka tu.

Kwa hiyo tukajitengenezea jibu moja. Bibi akisema kitu, chochote, tunamjibu kwa upole, "Sawa, bibi." Hakuna aliyetufundisha. Nilimkuta Neema anawajibu hivyo wazee wengine, nami nikafuata. Nilidhani ni wema. Wakati mwingine ananyamaza, wakati mwingine anaendelea, na sisi tunaendelea na kazi.

Alhamisi ilikuwa na baridi ya kuumiza mifupa. Mwenzetu mmoja alikuwa ameteremka Same kumpeleka mzee hospitali, tukabaki mimi na Neema. Baada ya chakula cha mchana nilimlaza Bibi Naelijwa apumzike. Miguu yake ilikuwa baridi kama ya samaki. Nikachukua mfuko wa mpira wa kupashia joto, nikamimina maji ya birika yaliyochemka, nikauviringisha kwenye kanga moja, nikauweka miguuni. Kanuni ni kuchanganya na maji baridi kwanza, halafu kuviringisha mara mbili kwa taulo. Taulo zote zilikuwa kambani hazijakauka. Maji baridi nilisahau, au niliharakisha, sijui tena ni lipi.

Halafu nikafanya jambo jingine. Bibi ana tabia ya kujaribu kuinuka peke yake, na miguu haina nguvu. Wiki mbili kabla alianguka. Hivyo nikalichomeka blanketi chini ya godoro, kushoto, kulia na miguuni, nikalibana sawasawa, ili asiweze kutoka.

Hatujaruhusiwa kufanya hivyo. Tunafanya.

Nilikuwa mlangoni natoka Neema aliponiita. Mzee mmoja ameanguka karibu na choo. Tukamwinua, tukamwosha, tukambadilisha nguo, wa pili naye akawa amejichafua, wa tatu analia anataka kwenda kwao. Nikapita mlangoni kwa Bibi Naelijwa. Alisema kitu. Nikamjibu, "Sawa, bibi." Nikapita tena nimebeba ndoo. Akasema kitu kilekile. "Sawa, bibi." Mara ya tatu hata kichwa sikuingiza chumbani. Nilijibu nikiwa koridoni.

Hakupiga kelele. Hilo ndilo linalonitesa kuliko yote. Alisema kwa adabu, kama mtu anayemwomba jirani kitu na hataki kumsumbua.

Ilipita kama saa nzima. Nilipofunua blanketi, kanga ilikuwa imeteleza na mfuko umekaa bila kanga katikati ya nyayo zake. Mguu wa kulia ulikuwa mwekundu upande wa ndani, kuanzia kwenye kifundo hadi unyayoni. Wa kushoto ulikuwa umetoa lengelenge kubwa kama yai, na pembeni yake ngozi imejikunja. Bibi alinitazama. Sikuona hasira machoni mwake. Aliniangalia kama mtu aliyeona msaada umefika.

Nilimwita Matroni. Nitaandika ukweli wote, si kwa kumchafua. Alikuja mbio, akamwagia maji ya baridi taratibu kwa muda mrefu, akampigia simu tabibu wa zahanati, naye akaja, akasafisha, akafunga bandeji, akaacha dawa. Alipouliza imekuwaje, Matroni alisema amemwagikiwa na chai. Alisema haraka, bila kunitazama. Tabibu alipoondoka, Matroni aliniita ofisini, akafungua kitabu cha zamu, akaandika hayohayo.

"Matroni, haikuwa chai," nikasema.

"Najua haikuwa chai, Dafroza. Unakumbuka hawa tuliwatoa wapi? Mmoja alikuwa anafungiwa stoo na mbuzi. Wakija watu wa wilaya wakaifunga nyumba hii, anarudi stoo. Unataka hivyo?"

Sikutaka hivyo. Nikatia sahihi.

Niliogopa kupoteza kazi, niliogopa polisi, niliogopa binti yangu kurudishwa kutoka bweni kwa kukosa ada. Ila nikiwa mkweli, kalamu ilipogusa karatasi nilisikia nafuu. Kwa dakika chache nilikuwa mtu ambaye hajafanya kitu.

Ijumaa asubuhi tulikuwa tunabadilisha bandeji, Mama Penda akaingia na mashuka. Neema alipoigusa bandeji ya mguu wa kushoto, Bibi akasema lile neno la Alhamisi. Nililitambua palepale. Sauti ileile, adabu ileile.

Mama Penda akasimama. "Masikini. Linamuunguza?"

Nikamuuliza, "Mama Penda, kasema nini?"

"Kasema linaniunguza. Kasema, mwanangu, niondolee, linaniunguza."

Neema aliendelea kufunga bandeji. Nilitoka nje, nikaenda nyuma ya jiko, nikatapika uji wote.

Mara tatu alisema mwanangu, niondolee, linaniunguza. Mara tatu nilimwambia sawa.

Kuanzia hapo hofu ikabadilika sura. Hadi Ijumaa asubuhi nilikuwa naogopa watu wasije wakajua nilichofanya. Sasa nikaanza kuogopa yale ambayo mimi mwenyewe siyajui. Miezi yote hii bibi wa watu anaongea kutwa nzima. Alikuwa anasema nini?

Mchana nilimwomba Mama Penda aache ndoo zake, akae kitandani kwa Bibi, amsikilize tu, mimi nitamalizia kufua. Alikaa kama nusu saa. Kutoka kwenye kamba nilikuwa nawasikia wanaongea. Nilikuwa sijawahi kumsikia Bibi akicheka. Alicheka mara mbili.

Mama Penda alipotoka alinieleza. Mengi ni ya zamani, shamba, dada yake aliyekufa, ng'ombe fulani. Lakini kuna jino. Bibi anasema jino la nyuma upande wa kushoto linamuuma, akitafuna linapiga hadi sikioni.

Kwenye kitabu cha zamu, kwa wiki tatu, tumeandika "Amekataa kula." Mwandiko wangu upo. Mwandiko wa Neema upo. Na siku mbili kati ya hizo nilimshika kidevu nikamlisha kwa nguvu, upande uleule wa kushoto, kwa sababu mimi natumia mkono wa kulia na huko ndiko kijiko kinakoangukia.

Jumamosi Dada Niwaeli akapiga simu kwamba yuko njiani, atalala Same, na kesho yake atapanda baada ya ibada. Matroni akatukusanya jikoni. Alitukumbusha: chai. Alisema kwa upole kabisa. Aliniangalia mimi muda mrefu kuliko wenzangu.

Leo tangu saa tatu nilikuwa nasikiliza gari. Ukungu unadanganya, unasikia injini kama iko mlangoni kumbe bado iko chini kwenye kona. Kila injini iliyopita nilikwenda dirishani. Nilivunja kikombe. Nilimvalisha mzee mmoja sweta kinyume, akaniambia mwenyewe, yule ambaye hajui hata jina lake, "Mama, hii umegeuza."

Alifika saa sita kasoro. Mwanamke wa makamo, gauni la kanisani, kapu la ndizi mbivu na mafuta ya kumpaka mama yake. Alipiga magoti kitandani, akamwamkia. Marahaba ikaja. Halafu akaiona miguu.

Matroni alieleza. Chai, bahati mbaya, tabibu alikuja, anaendelea vizuri. Dada Niwaeli alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akalivuta blanketi pembeni, akaangalia bandeji ya kulia, akaangalia ya kushoto, pamba zote ziko upande wa ndani.

"Chai ilimwagikia miguu yote miwili?"

"Alikuwa ameketi," Matroni akasema.

"Mbona ni kwa ndani? Mbona juu ya mguu hakuna kitu?"

Nilikuwa nimesimama karibu na kabati, nimeshika beseni. Nilijua Matroni analo jibu jingine. Nilijua pia kwamba nikingoja hilo jibu litoke, sitaongea tena maisha yangu yote.

"Dada, haikuwa chai," nikasema. "Ni mimi. Nilimwekea mfuko wa maji ya moto, nikauviringisha vibaya, nikamwacha."

Matroni aliniita jina langu. Niliendelea kwa sababu nilijua nikisimama sitaanza tena. Nikamwambia kuhusu saa nzima. Nikamwambia kwamba mama yake alisema linamuunguza, mimi sikuelewa.

Dada Niwaeli aliniuliza bila kupandisha sauti. "Alisema mara ngapi?"

"Mara tatu nilizosikia mimi."

"Na wewe ukamwambia nini?"

"Nilimwambia sawa."

Alifumba macho. Nilitaka iishie hapo. Lilikuwa limebaki moja, na hilo hakuna aliyelijua, si Matroni, si Neema. Ningeweza kuondoka nalo. Nililiona kabisa, kama mtu anavyoona mlango ulio wazi.

"Angeweza kuvuta miguu," nikasema. "Ila nilikuwa nimelibana blanketi chini ya godoro ili asiinuke. Hakuweza kutoka."

Sikumbuki vizuri kilichofuata. Nakumbuka nilisogea kumrekebishia Bibi mto, nao mkono wa Dada Niwaeli ukanizuia kifuani. Hakunipiga. Alinizuia tu, kiganja kimefunguka. "Usimguse," akasema. "Tafadhali, dada, toka nje."

Nilipokuwa natoka nikasema la jino. Niligeuka mlangoni nikasema, "Jino la nyuma, kushoto, linamuuma, ndiyo maana anakataa kula." Sijui kama alisikia.

Nilikaa kwenye benchi la nje muda mrefu. Nilisikia sauti ya Matroni, kisha ya Dada Niwaeli, kisha kulia. Nilidhani ni Bibi. Ilikuwa ni binti. Baadaye alitoka kupiga simu, akasimama hatua mbili kutoka kwangu, mgongo umenielekea. Alipomaliza hakuondoka mara moja. Alisema, bila kugeuka, kwamba baba yake alikataza Kipare nyumbani ili yeye afaulu shule. Kwamba yeye mwenyewe mama yake akiongea anaokota neno moja moja. Nilifikiri ataongeza kitu, labda kwamba ananielewa. Hakuongeza. Aliingia ndani, akafunga mlango.

Matroni alinifuata saa tisa. Kamati itakaa Jumatano. Hadi hapo nisiingie nyumbani kwa wazee. Dada Niwaeli hamwondoi mama yake kwa sasa, hana pa kumpeleka. Dodoma anaishi peke yake na anatoka kazini jioni. Kesho atamteremsha Same kwa daktari wa meno, saa tano. Ameweka sharti moja tu, kwamba mimi nisimguse mama yake tena.

"Nimekifuta nilichoandika," Matroni akaniambia. "Nimeandika upya." Alionekana mzee ghafla. Nilimwambia asante, Matroni, naye akaniambia nivae vizuri, njia ina utelezi.

Kabla sijaondoka nilipita kwenye makaro, nikakuta hakuna mtu. Mama Penda hafanyi kazi Jumapili, ila anakaa nyumba ya tatu chini ya barabara, nikaenda. Nilimweleza yote. Alinisikiliza huku anamenya mihogo, hakusema pole wala hakunilaumu. Nikamwomba anitajie maneno. Linauma. Linaunguza. Baridi. Kiu. Nataka choo. Inatosha. Niache. Nikayaandika kwenye karatasi ya daftari jinsi ninavyoyasikia. Hapa siyaweki, nina uhakika nimeyakosea herufi, na wenye lugha yao watanicheka. Mama Penda aliyasoma, akarekebisha mawili. Akanifanya niyatamke. La kuunguza nililitamka vibaya mara nne. Mara ya tano aliitikia kwa kichwa, akarudi kwenye mihogo yake.

Sasa niko nyumbani na karatasi iko mezani.

Nimejiuliza jioni yote ninaogopa nini hasa. Jumatano, ndiyo. Binti yangu atakapojua, ndiyo, maana nitamwambia kabla hajasikia kwa watu. Lakini nikifumba macho siioni kamati. Naona kesho saa mbili asubuhi. Jumatatu ni siku ya kuogesha, na Bibi ataogeshwa mapema ili awahi daktari. Atakayemwogesha ni Neema. Neema ana moyo mzuri na mikono mepesi kuliko yangu. Anachanganya maji kwa kukisia, kama sisi sote, na bandeji hazitakiwi kulowa, na yule bibi ataongea tangu mwanzo hadi mwisho.

Hilo ndilo ninaloliogopa.

Nimekatazwa kuingia ndani. Barabara sijakatazwa. Neema huwa anapita getini saa moja na nusu. Nitaamka mapema, nitapanda na karatasi yangu, nitasimama pale nimsubiri. Nitamwomba dakika tano tu, ayatamke mbele yangu, moja baada ya jingine, mpaka ayapate.

Inawezekana Matroni ameshamwonya asizungumze nami. Inawezekana ana hasira, kwa kuwa nimesema la blanketi na sasa wote wataulizwa. Inawezekana atanipita kama hanijui.

Nitakwenda hivyohivyo.